Mwenye Mzigo Hasimamishwi

Mtu akikuambia mazoezi ni mambo ya vijana, muulize kama amewahi kukaa juu ya kalavati siku ya Jumapili, amevaa suti, ametoka jasho mpaka kwenye tai, huku shemeji yake akimbebea sadaka. Kama hajawahi, mwambie anyamaze.

Mimi nimewahi. Na kwa kuwa waliosimulia habari hiyo ni wengi na kila mmoja ameongeza chumvi yake, nimeona niandike mwenyewe. Shule yangu iliishia katikati ya darasa la nne, lakini mkono ninao na kalamu nimenunua.

Kwetu hapa Njombe, kwenye usharika wetu, sikukuu ya mavuno ina utaratibu wake. Sadaka ya mavuno haipandi gari. Hata mwenye gari la kung'aa analiacha nyumbani siku hiyo. Mkuu wa nyumba anabeba sadaka begani kutoka mlangoni kwake mpaka madhabahuni, iwe mahindi, maharage au viazi, na watu wa nyumba yake wanamfuata nyuma. Wazee walisema aliyelima kwa miguu asimshukuru Mungu kwa matairi. Kutoka kwangu unashuka mpaka kijito, unavuka kalavati, halafu unapanda kilima mpaka kanisani. Mtu mzima mwenye afya anatumia nusu saa.

Sasa ujue pia kwamba mimi nilikuwa kuli. Sisemi kwa aibu. Ujana wangu wote niliumalizia Makambako nikipakia viazi kwenye malori, na si viazi vya kupima kwa mizani ya kistaarabu. Nilibeba lumbesa, lile gunia linalojazwa mpaka linafura, halafu linaongezewa kilemba juu. Wenzangu walikuwa wanabeba wakipiga kelele. Mimi nilikuwa nabeba nikitafuna muwa. Nyumba yangu ya matofali, ghala langu la viazi pale Makambako na shamba langu la miti vyote vilitoka kwenye bega hili la kulia. Sikurithi hata jembe.

Basi mwaka ule, mtu huyohuyo wa lumbesa alibeba debe moja tu la viazi ndani ya kiroba. Debe moja! Nilishuka vizuri mpaka kwenye kijito. Kilima nilikiona kwa macho tu, sikukigusa. Pumzi ilikatika, goti likagoma, nikakaa juu ya kalavati.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa nyuma yetu na maharage yake. Huyu ni mwalimu mstaafu, mwembamba kama ufito, na tangu nimeoa kwao hajawahi kupitisha siku bila kunitania. Akasimama mbele yangu.

"Shemeji, umekaa kuhesabu samaki?"

"Napumzika."

"Pumzika, shemeji, pumzika. Lete hicho kiroba. Mungu asingoje."

Akakitupa begani, maharage yake akayashika kwa mkono wa kushoto, akapanda kilima kama mbuzi. Kanisani mzee wa kanisa husoma kila sadaka na aliyeileta. Ilipofika zamu yetu alisoma jina la nyumba yangu, akasita, akasema, "Imeletwa na shemeji." Mimi nilikuwa ndiyo kwanza naingia mlangoni, nimeshikwa mkono na mke wangu. Kanisa zima liligeuka.

Jioni yake mke wangu alizungumza. Yeye si mtu wa maneno mengi, na akianza kwa upole ujue umekwisha.

"Baba watoto, mwaka kesho hali ikiwa hii, mtoto wetu wa kwanza aje kutoka Makambako abebe yeye. Tuseme mapema ili watu wasishangae."

Wasomaji wa mjini mnaweza kuona hilo ni jambo dogo. Si dogo. Hapa kwetu mwana akishabeba kiroba cha mavuno, hakirudi kwa baba. Nimewaona wazee wenzangu. Mwaka huu anakabidhi kiroba, mwaka unaofuata miti inauzwa naye anasikia kwa jirani, mwaka wa tatu anakalishwa jikoni karibu na moto na kuulizwa kama amekunywa uji. Mimi uji nakunywa nikitaka. Nikamwambia mke wangu, "Mwaka kesho kiroba nakibeba mimi mpaka madhabahuni." Akasema, "Sawa." Ile sawa ya wanawake.

Wiki ile ile nilikwenda hospitali hapa mjini. Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mtoto wangu wa mwisho. Akaniamkia vizuri, akanipandisha kwenye mizani, ikasoma kilo tisini na nane. Mimi si mrefu. Akapima presha, akabonyeza goti, akakunja uso.

"Baba, inabidi utembee. Nusu saa kila siku, na usiruke siku."

"Mwanangu, mimi nimetembea tangu hujazaliwa."

"Na siku hizi?"

"Siku hizi nina gari."

"Ndicho ninachosema, baba. Lengo lako ni nini hasa?"

"Kubeba debe la viazi mpaka madhabahuni."

Akaitazama fomu yake. Nadhani haikuwa na mahali pa kuandika hivyo. Akaandika *kupunguza uzito*.

Kesho yake nilianza. Kijana wangu wa Makambako alinitumia raba za rangi ya chungwa, rangi ambayo hata ng'ombe aliyefumba macho anaiona. Nikavaa na koti zito, kwa sababu asubuhi ya Njombe haina huruma na mtu, nikatoka. Hatua mia hazijaisha, jirani yangu wa kwanza, mjane mmoja mwenye sauti ya kengele, akaniona kutoka uwanjani kwake.

"Kamwene, mzee! Unapita hivyo hivyo kama hatujuani?"

Kamwene ndiyo salamu yetu, na haisemwi mara moja mkaachana. Lazima muulizane habari za nyumba, za watoto, za mifugo na za baridi. Na ukikuta watu wanakunywa chai, unaingia. Mzee wa umri wangu kupita mlango wa mtu saa ya chai bila kuingia, hilo ni tangazo la ugomvi. Watu wataanza kuulizana kulikoni. Nikaingia. Chai ya maziwa, viazi vya kuchemsha na chumvi. Nikatoka, nikatembea kidogo, nikafika kwa bwana miti mmoja mstaafu. Kwake kulikuwa na magimbi na maharage. Nikatoka, nikafika kwa mzee wa kanisa, yule yule msomaji wa sadaka. Yeye alikuwa na mahindi ya kuchemsha na chai nyingine, nzito zaidi. Nikarudi nyumbani, nikamkuta mke wangu ameniandalia chai yangu mwenyewe kwa sababu nimetoka kwenye mazoezi.

Nikafanya hivyo kila siku. Ninasema kila siku, sikuruka hata moja, mvua wala umande. Tena daktari alikuwa amesema nusu saa, mimi nilikuwa natumia saa tatu. Nikajiona nimemzidi mara sita. Mchana nikienda Makambako ghalani niliwahubiria vijana wangu habari za kushika jambo na kutoliachia, mpaka wakawa wananikwepa.

Baada ya miezi miwili nilirudi kwa daktari, kifua mbele. Mizani ikasoma kilo mia moja na moja.

Binti wa watu akadhani mizani imeharibika. Akaniita chumba cha pili kwenye mizani nyingine. Ile nayo ikasema kilo mia moja na moja.

"Baba, unatembea kweli?"

"Kila siku. Uliza Njombe yote."

"Unatembea bila kusimama?"

"Nitapitaje kwa watu bila kusimama, mwanangu? Mimi ni mbwa?"

Akaweka kalamu chini. Akaniomba nimweleze asubuhi yangu tangu ninapotoka mlangoni. Nikamweleza yote, nyumba kwa nyumba, sikuficha hata gimbi. Nilipomaliza alikuwa amefunika mdomo kwa daftari, mabega yanatikisika. Alipoweza kusema alisema, "Baba, hayo si mazoezi. Hiyo ni ziara."

Nikaona dawa ni kutoka kabla watu hawajaamka. Alfajiri hakuna chai. Nikawa natoka kukiwa bado na giza la mwisho, napita nyuma ya nyumba za watu ili mbwa wasiniamshie mji, nafika mpaka kona ya shamba la chai, nageuka, narudi njia ile ile. Nilishika ratiba hiyo wiki mbili, na nilikuwa nimeanza kuona pumzi inarudi.

Mchana mmoja akaja mwenyekiti wa mtaa na wazee wawili. Wakakaa sebuleni, wakapewa chai, wakasifia miti yangu, wakasifia mvua. Nikajua kuna jambo, maana mvua ile haikuwa ya kusifiwa.

"Mzee," mwenyekiti akaanza, akitazama kikombe, "kuna watu wanalalamika. Wanasema kuna mtu anapita nyuma ya nyumba zao alfajiri. Hana jembe, hana panga, hana mzigo. Anafika mpaka kwenye kona, anageuka, anarudi."

"Ni mimi."

"Tunajua ni wewe. Ndiyo maana tumekuja mchana."

Mzee mmoja akakohoa.

"Ulikuwa unakwenda wapi, mzee?" mwenyekiti akauliza.

"Sikuwa nakwenda popote."

"Hapo ndipo penye tatizo."

Kumbe ng'ombe wa bwana miti alikuwa amekata maziwa wiki ile, na mtoto wa nyumba nyingine alikuwa analia usiku. Mahesabu yalikuwa yameshafanywa, nami ndiye niliyekuwa jibu. Mimi, mbatizwa wa utotoni, mwenye kiti changu benchi la pili kanisani, nilikuwa naitwa mchawi kwa sababu ya goti! Nikavua raba zangu za rangi ya chungwa nikaziweka mezani mbele yao, nikawauliza ni mchawi gani anaroga na viatu vya namna hii. Wazee wakazitazama. Mmoja akakubali kwamba, kwa kweli, haziendani na kazi hiyo. Jikoni mke wangu alikuwa anacheka mpaka mwiko ukamwanguka.

Tukaelewana kwamba sitapita tena alfajiri. Walipoondoka nikakaa nikafikiri, nikaona nimebanwa pande zote. Nikitembea kukiwa na mwanga nanenepa, nikitembea gizani naroga. Nikakaa wiki nzima bila kufanya kitu. Nilianza hata kumtazama kijana wangu wa kwanza nikijiuliza suti gani ingemfaa siku ya mavuno.

Jibu nililikuta Makambako. Ilikuwa siku ya kupakia, upepo wa kule umeinua vumbi lote la stendi, mimi nimesimama mlangoni pa ghala langu nikisalimiana na mchungaji mmoja mgeni, mtu mzito mwenye heshima zake. Akapita kuli na gunia begani, anapiga kelele, "Mzigo! Mzigo huo!" Akatupita katikati, karibu aikanyage kanzu ya mchungaji. Hakuamkia. Hakusimama. Na mchungaji badala ya kukasirika akarudi nyuma, akamwambia, "Pole na mzigo, baba." Kuli akajibu, "Asante," akiwa ameshafika kwenye lori.

Nikajipiga paji la uso. Mimi niliyeishi miaka yangu yote chini ya gunia, nilisahauje? Mwenye mzigo hasimamishwi! Hata kule kwetu vijijini, mama akipita na kuni kichwani unamsalimia akiwa anatembea. Humwambii karibu chai, kwa sababu ukimtua mzigo utalazimika kumtwisha tena, na hiyo ni kazi. Hakuna anayenuna. Wala hakuna anayeuliza unakwenda wapi, mzigo wenyewe unajibu.

Kesho yake nikachukua kiroba, nikatia viazi vinane, nikakitupa begani, nikatoka saa ya chai, mchana kweupe. Yule mjane akainua kichwa.

"Kamwene, mzee! Pole na mzigo!"

"Asante, mama!"

Nikapita. Nasema nikapita! Kwa bwana miti nikapewa pole, nikapita. Kwa mzee wa kanisa nikapewa pole, na mkewe akasema maskini mzee bado anajituma. Nilikwenda mpaka kona ya shamba la chai nikarudi, na sikula hata kiazi kimoja. Ilibaki kidogo niimbe.

Kuli haanzi na lumbesa. Hilo nalijua bila daktari. Kwa hiyo kila Jumatatu nilikuwa naongeza viazi vinne. Mtaani walidhani nimepata mteja mahali fulani ambaye anataka viazi vichache kila siku. Wawili watatu waliniuliza bei. Shemeji yangu peke yake ndiye aliyenusa. Akanisubiri njiani.

"Shemeji, nasikia umerudi kwenye ukuli."

"Nimerudi."

"Mshahara wanakupa kiasi gani?"

"Nalipwa kwa wivu wako."

Akacheka, akanifuata nyuma hatua kadhaa akihesabu kwa sauti, moja, mbili, moja, mbili, kama anawachezesha watoto gwaride. Sikugeuka.

Nikaendelea hivyo mpaka kiroba kikafika nusu debe. Halafu ikaja masika, na masika kwetu huja na ulanzi. Kwa asiyeujua, ulanzi ni pombe ya mianzi. Mwanzi mchanga unakatwa kichwa, unatoa maji matamu, yakikaa yanakuwa mambo mengine. Shemeji ana mianzi mingi kuliko vitabu. Siku ya kwanza niliruka mazoezi kwa sababu ya mvua, na ilikuwa mvua kweli. Siku ya pili kulikuwa na msiba kijijini Mdandu, na marehemu alikuwa wa kwetu kweli. Siku ya tatu sikuwa na sababu, nikaitafuta kwa shemeji kwenye kikombe cha ulanzi, nikaipata. Siku ya nne sikuhangaika hata kutafuta sababu.

Zikapita wiki tatu. Asubuhi moja dhamiri ikaniuma, au labda ni tumbo, nikaenda nyuma ya mlango wa stoo kuchukua kiroba. Kilikuwa kitupu.

"Mama watoto! Viazi vyangu viko wapi?"

"Viko ardhini."

"Ardhini wapi?"

"Vilikuwa vimechipua vidole virefu hivi. Nimevipanda nyuma ya banda la kuku." Akaendelea kufagia. "Vyenyewe vilikuwa vinafanya kazi. Wewe ndiye uliyekuwa umelala."

Nikakasirika. Na mtu mwenye kiburi akikasirika hafanyi jambo kwa akili. Nikajaza kiroba debe zima, kwa hasira, ili kulipia wiki tatu kwa siku moja. Nikakiinua, nikatoka getini natembea kama askari. Mbele ya nyumba ya yule mjane kitu kikasema *ta!* mgongoni. Nikabaki nimesimama, siendi mbele, sirudi nyuma, nimeinama kama mtu anayetafuta sarafu. Nilirudishwa nyumbani ndani ya toroli, kiroba nimepakatishwa mapajani, na mjane anasukuma huku akimweleza kila anayekutana naye.

Siku tisa nililala chali. Siku ya kumi nikachukua viazi vinane.

Hapo ndipo nilipojifunza, na nawaambia bila kuremba: mwili hauna deni la kulipwa kwa mkupuo. Nilipokuwa kuli hakuna aliyeniuliza asubuhi kama ninajisikia kubeba. Lori limekuja, unabeba. Nikaamua hata mimi nisijiulize. Mvua ikinyesha, navaa mfuko wa mbolea kichwani, nakwenda. Kukiwa na msiba, nakwenda kwanza mpaka getini na kurudi, ndipo naenda kwenye msiba. Mwezi wa sita umande uliganda, majani yakawa meupe, raba zikawa zinalia kama nakanyaga vioo. Nikaenda. Shemeji alinitumia ujumbe kwamba ulanzi wa mwisho wa msimu umebaki chupa moja. Nikamjibu aunywe kwa niaba yangu, na akaunywa, sina shaka.

Kwa daktari mizani ilisoma kilo themanini na tisa. Akauliza nimefanyaje. Nikamwambia nimebeba viazi. Akaandika *mazoezi*.

Jumapili ya mavuno ikafika. Asubuhi nilimkuta kijana wangu wa kwanza sebuleni, amefika kutoka Makambako, amevaa suti mpya.

"Umekuja kufanya nini?"

"Mama kaniita, baba."

Nikamtazama mama yake. "Ni tahadhari tu," akasema, akijifunga kitenge. "Hata ndege ina gurudumu la akiba."

"Ndege haina gurudumu la akiba."

"Basi ikae chini kama wewe pale kwenye kalavati."

Nikajaza debe zima, nikafunga kiroba kwa kamba, nikakitupa begani. Nikashuka. Nyuma yangu mke, nyuma yake kijana na suti yake, na nyuma yao shemeji na maharage, ambaye nyumba yake iko kule chini karibu na kijito. Alikuwa amezunguka makusudi ili ashuhudie. Nilipokanyaga kalavati nilisikia nyayo zao zote zimepunguza mwendo, wananisubiri. Nikapita. Kilimani watu wakawa wananipa pole na mzigo kushoto na kulia, nami sikuitikia hata mmoja, kwa sababu pumzi niliyokuwa nayo ilikuwa na matumizi. Nilikwenda mwendo ule ule wa kila siku, wala sikuongeza wala sikupunguza. Vijana wakanipita. Wazee wakanipita. Kuku wa mtu alinipita. Nikaingia mlangoni pa kanisa kiroba kiko begani, goti linatetemeka lakini limesimama.

Nikapita katikati ya mabenchi. Kwaya inaimba. Nikafika madhabahuni, pale sakafuni ambapo wenzangu wamepanga mahindi na maharage yao. Nikasimama.

Nikaendelea kusimama.

Niseme ukweli. Mwaka mzima nilikuwa nimejifunza kubeba. Kutua sikujifunza. Nyumbani nikirudi nilikuwa nakiegesha kiroba juu ya rundo la mbao nyuma ya jiko, ambalo lina urefu wa bega langu, nakisukuma tu kinakaa. Hata ukuli ulikuwa hivyo hivyo, lori liko juu, unatupa juu. Sasa hapa madhabahuni sadaka iko chini, sakafuni, na kati yangu na sakafu kulikuwa na magoti mawili ambayo hayakuwahi kuulizwa habari hiyo. Nilijaribu kukunja. La kulia likakataa. La kushoto likamfuata mwenzake. Kukitupa nisingeweza, hakuna anayemtupia Mungu viazi.

Mchungaji akanisogelea, akatabasamu. "Weka tu, mzee wetu."

"Naweka."

Kwaya ikamaliza ubeti. Mwalimu wao akanitazama, akawapa ishara, wakauanza upya. Benchi la mbele wanawake wakaanza kunong'onezana kwamba mzee anaomba, tena anaomba kwa uchungu. Kwa pembe ya jicho nikaona kijana wangu anainuka na suti yake. Nikamtazama. Akakaa.

Ndipo nikasikia viatu vinakuja, nikajua ni vya nani kabla sijamwona.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, "unamngoja nani?"

"Nangoja magoti."

Nilingoja anitanie. Hakunitania. Akaweka maharage yake chini, akashika pembe mbili za kiroba.

"Haya, shika huko kwako. Taratibu. Usinivunjie vidole, nina mitihani ya kusahihisha."

"Umestaafu."

"Shusha, shemeji."

Tukashusha. Magoti yangu yakalia mpaka mabenchi ya nyuma wakasikia. Kiroba kikakaa sakafuni, nami nikainuka kwa kushika bega lake, ambalo ni jembamba kweli lakini lilinishika.

Mzee wa kanisa akafungua karatasi yake. Akasoma jina la nyumba yangu. Akanitazama juu ya miwani, akasema kwa sauti iliyojaa kanisa, "Imeletwa na mwenyewe."

Nikageuka kwenda kukaa, kifua mbele. Nyuma yangu shemeji akasema, naye kwa sauti iliyojaa kanisa, "Imeshushwa na shemeji."

Kanisa likaangua kicheko. Mchungaji alijaribu kujizuia akashindwa, akageukia msalaba, mabega yanatikisika. Mke wangu alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge, na nilipokaa karibu naye akanishika mkono, asiuachie mpaka mahubiri yakaisha. Mchana alimfungia kijana wetu viazi vya kutosha, akamwambia awahi gari la Makambako, na mwaka kesho asijisumbue.

Jumatatu niliamka nimekakamaa mwili mzima. Nikavaa raba, nikachukua kiroba chepesi, nikaenda uwanjani nyuma ya jiko. Mke wangu akanifuata.

"Si mavuno yamekwisha?"

"Kubeba najua," nikamwambia. "Sasa najifunza kutua."

Akavuta kigoda, akakaa kunihesabia. Siku ile nilitua mara tatu. Mara ya nne nilifika chini vizuri kabisa, ila kuinuka alinivuta yeye.